Ukurasa wa Saba

Bahasha ilifika Kuhmo, kwa mama,
kwani jeshi halikuniona nilipohama,
au liliniona, likafumba jicho moja.
Mama akanisomea kwa simu, kituo kwa kituo,
kama mtu anayesoma majibu ya daktari:
Sajini wa akiba Heikura, Ilmo.
Novemba nne, saa tatu asubuhi.
Siku tisa. Kikosi cha mizinga.
Soksi za sufu uje nazo mwenyewe.
"Hilo la soksi," akasema, "niachie mimi."

Nilikuwa Porto, viwiko ndani ya unga wa rai,
mweusi, mkaidi, usioumuka kwa kubembelezwa.
Mkate wa kwetu, ambao miaka miwili
mtaa huu uliula kwa adabu tu,
na mwaka wa tatu ukaanza kuupangia foleni.
Mwaka wa tatu! Ndipo bahasha.

Nikamwandikia Graça maagizo kurasa sita:
tanuri lina kigugumizi, lipige teke kushoto;
Bwana Abílio akija kudai kodi, mpe kahawa kwanza;
chachu ya mtungini ilishe asubuhi na jioni,
ina umri mkubwa kuliko mimi na wewe tukijumlishwa.
Akazikunja, akazitia kwenye aproni.
"Na wakikuzuia huko?"
Sikuwa na ukurasa wa saba.

Mshika mawili, walisema wahenga. Wahenga
hawakuwa na mkopo wa benki.

Msituni jua linazama saa tisa alasiri.
Theluji haijakaza, ni tope lenye meno.
Naita masafa, naita pembe,
na kichwani nahesabu magunia:
nyuzi sitini, mikate sitini,
punguza tatu, punguza thelathini, hoteli imefuta oda.
Simu inashika mtandao juu ya kisiki kimoja tu,
na kisiki nacho kina foleni yake:
Tapani wa malori, aliyetoka Gothenburg,
anaandika ankara kwa tochi ya kichwani,
anamtukana mteja kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini.
Zamu yangu. Dakika nne.
"Rai imekwama bandarini," ameandika Graça.
"Usijali."
Nani aliwahi kuambiwa usijali akaacha kujali?

Usiku wa sita, ukaguzi wa mahema.
Luteni, kijana wa miaka ishirini na tatu,
anachomoa kutoka mfuko wangu wa kulalia
chupa ya jamu, kifuniko kimelegezwa, inapumua.
"Sajini, hii ni nini?"
"Mtaji, Luteni."
Hema zima likanyamaza.
Akainusa. Akainusa tena.
"Bibi yangu anayo," akasema, akairudisha
palepale penye joto, akapita kwa mwingine,
mwenye soksi mbichi, akamfokea.

Watu wa Porto huniuliza kwa nini naenda.
Siwaimbii bendera. Nawaambia:
kutoka jikoni kwa mama hadi mpakani
ni mwendo wa saa moja kwa gari,
na mama haendeshi kwa kasi.

Nilirudi nikinuka mafuta ya bunduki.
Nikanawa mara tatu kabla ya kugusa mtungi.
Graça alisimama kando, aproni imefungwa vibaya.
Rai ilipokwisha, aliilisha chachu ngano,
ngano nyeupe ya hapahapa, siku nne mfululizo,
na mkate ukatoka mwepesi, wa rangi ya asali,
na foleni ikafika hadi kwa fundi viatu.

Nikaonja. Nikataka kukasirika.
Nikaonja tena.

Siku hizi zipo chachu mbili kwenye rafu:
ya mtungi, yake; ya chupa ya jamu, yangu.
Yake inauza. Yangu naioka Ijumaa,
mikate kumi na miwili, na tisa hununuliwa.
Zile kurasa sita amezibandika ukutani,
zina madoa ya siagi.
Ya saba ni yake. Inaanza: Asiporudi.
Chini yake kuna bei za unga.